Gegedu Linaloelekea Kuwa Mfupa

Haya ni maneno niliyosema mbele ya wanafunzi wa tiba, wauguzi, wagonjwa wa mgongo na ndugu zao, jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, na nimeongeza majibu ya maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.

Shikamooni wazee wangu. Wauguzi, wanafunzi, na ninyi mliofika mmevaa mikanda ya mgongo ndani ya mashati, habari za mchana. Mwenye kuumia akikaa sana na asimame, ajinyooshe, azunguke ukumbi. Hakuna atakayeona ni utovu wa adabu.

Nimekuja na vitu viwili. Vyote ni vidari vya kuku, vimechemshwa na kuondolewa nyama. Hiki ni cha kuku wa kisasa aliyechinjwa akiwa na wiki kama sita. Hiki kingine ni cha tetea wa kienyeji, aliyetaga miaka mpaka akachoka. Naomba vipite mkono kwa mkono, na kila mmoja abonyeze ncha. Kwenye kuku wa kisasa ncha inapinda, ni nyeupe na laini, na nyumbani watoto huigombania kwa sababu inatafunika. Kwenye tetea ncha ileile ni mfupa mtupu. Ukiilazimisha utavunja jino.

Ni sehemu moja ya mwili, ya ndege wa aina moja, na kilichotofautiana ni umri. Ile nyeupe ni gegedu. Lilikuwa safarini kuwa mfupa, kisu kikaliwahi njiani.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Kwa zaidi ya miaka mia moja, sisi madaktari wa mifupa tunapounganisha pingili za uti wa mgongo tumekuwa tukichukua mfupa, tukiupanda, na kuuomba uzae mfupa mwingine. Mwili wenyewe ukitaka kujenga mfupa mpya na mkubwa, kwa kawaida hauanzii hapo. Unaanza na gegedu, kisha unaligeuza. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kipandikizi tunachopaswa kukitafuta kwa nguvu zetu zote ni gegedu lililo tayari kugeuka, na nitawaeleza nimefikaje huko.

Tuanze na upasuaji wenyewe, maana wengi humu wamefanyiwa bila kuelezwa vizuri, na hilo linaniuma. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Pingili ikivunjika kwenye ajali ya bodaboda, ikiteleza mbele ya mwenzake, ikiliwa na kifua kikuu au ikipinda mpaka ikabana neva, wakati mwingine njia iliyobaki ni kuzifanya pingili mbili au tatu ziwe mfupa mmoja usiocheza tena. Mgonjwa huenda nyumbani akisema, "Nimewekewa vyuma." Ni kweli ana skrubu na fito mgongoni. Lakini vyuma vile vinafanya kazi ya mbao ambazo fundi huzipigilia kushikilia zege mpaka likauke. Mfupa ndio zege. Usipojengeka daraja kutoka pingili moja hadi nyingine, chuma kitapindishwa kila unapoinama, kila unaponyanyua ndoo, mara elfu na elfu, na mwisho skrubu italegea au fito itakatika. Kwa hiyo swali kubwa la upasuaji huu halikuwa kwenye chuma. Ni hili: tutaweka nini katikati ya pingili ili mfupa uote?

Swali hilo ni la zamani kuliko chuma chenyewe. Mwaka 1779 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu watu waliopata kibiongo na kupooza miguu. Leo tunajua kwamba ule ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na jina lake bado limebaki kwenye ugonjwa huo. Mwaka 1911, miaka mingi kabla ya kupatikana dawa yoyote ya kifua kikuu, madaktari wawili wa New York walijaribu kuuzuia uti usiendelee kupinda, kila mmoja kwa njia yake. Fred Albee alikata kipande kirefu cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe, akapasua miiba ya pingili katikati na kukipachika humo kama gango. Russell Hibbs hakwenda mguuni. Aliichanachana miiba na migongo ya pingili zenyewe, akailaza juu ya jirani zake ili ishikane. Leo dawa huponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mgongo bila kisu, lakini kila daktari anayeunganisha pingili bado anatembea kwenye njia ya hao wawili: kuchukua mfupa wa mgonjwa na kuupanda mahali pengine.

Siku hizi hatuendi kwenye muundi, tunakwenda kwenye nyonga. Wekeni mikono kiunoni. Ule ukingo mnaoushika, mahali mama anapofungia kanga, mahali mtoto anapopakatwa ubavuni, ndio ghala letu. Kuna mfupa laini wa ndani wenye uboho mwingi, kuna seli hai, na mwili hauukatai kwa sababu ni wake. Vitabu vinauita kipimo cha dhahabu, yaani kile ambacho vipandikizi vingine vyote hulinganishwa nacho.

Miaka kadhaa nyuma nilimhudumia mama mmoja muuza samaki. Niliunganisha pingili zake mbili za kiuno, mfupa ukashika vizuri, picha zake nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwa furaha. Baada ya miezi sita alikuja kliniki, nikamuuliza habari za mgongo. Akanijibu, "Mgongo umeniponya, daktari. Nyonga ndiyo umeniachia." Hakuweza tena kuegemeza beseni la samaki upande ule. Hakuweza kukaza kanga. Kulala ubavu ule hakuwezi. Nilichukua vijiko vichache vya mfupa, na kwa kipimo changu ulikuwa upasuaji uliofanikiwa, lakini kwake nilihamisha maumivu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Jibu lile sijalisahau.

Hayuko peke yake. Mwaka 1989 madaktari wawili wa Marekani, Younger na Chapman, walichapisha hesabu ya vipandikizi 243 vilivyokatwa hivyo. Matatizo makubwa mahali mfupa ulipochukuliwa yalikuwa asilimia 8.6, na madogo asilimia 20.6. Ukisoma neno "madogo" kwenye karatasi unapita haraka. Mgonjwa mwenyewe hapiti haraka hivyo.

Lipo na la pili, ambalo mgonjwa halioni. Kipande cha mfupa ukikikata unakitenga na mishipa yake ya damu. Seli za mfupa zimezoea oksijeni nyingi, na oksijeni ikitoka kwenye mshipa husafiri umbali mdogo sana ndani ya nyama, mikromita 100 hadi 200 tu, yaani chini ya robo ya milimita. Zile zilizo pembezoni mwa kipandikizi zinaweza kupona, lakini zilizo ndani hufa njaa kabla mishipa mipya haijazifikia. Tunapanda kitu hai, kisha sehemu kubwa yake inakuwa mzoga ambao mwili lazima uule taratibu na kuujenga upya. Mara nyingi mwili huweza. Kwa mvutaji wa sigara, kwa mwenye kisukari, kwa mzee, kwa aliyekwisha kupasuliwa hapo mara mbili, mara nyingine hauwezi.

Mbadala upo, na nitaupitia upesi. Kuna mfupa wa marehemu uliosafishwa na kukaushwa. Ni mfano mzuri wa kiunzi, lakini hauna uhai na hapa kwetu huja kwa bei ambayo familia nyingi zikiisikia hunyamaza. Kuna chembechembe za chumvi za kalisi na fosfeti zinazotengenezwa kiwandani. Nazo ni kiunzi, na huhitaji mfupa mzuri kando yake.

Halafu kuna ile protini, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha jambo la ajabu: alichukua mfupa, akautoa madini kwa asidi, akaupanda ndani ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota kwenye nyama ambako hakuna mfupa unaopaswa kuwepo. Ndani ya mfupa kulikuwa na kitu kinachoamuru. Kitu hicho kikaja kutambuliwa kuwa ni kundi la protini, na mojawapo, BMP-2, mwaka 2002 iliruhusiwa Marekani kutumika kuunganisha pingili za kiuno kutoka mbele. Ilipokelewa kama mkombozi wa nyonga. Lakini ili ifanye kazi ilibidi iwekwe kwa kipimo kikubwa mno kuliko mwili unavyojitolea wenyewe, na protini haina adabu ya kukaa ulipoiweka. Ilipotumiwa shingoni ilivimbisha koo hadi watu wakashindwa kumeza na kupumua, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Baadaye, mwaka 2013, data zote zilipochambuliwa upya na watafiti wasio wa kampuni iliyoiuza, faida yake juu ya mfupa wa nyonga ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa imetangazwa.

Wanafunzi, nisikilizeni hapa. Mfupa ule wa Urist ulioota ndani ya msuli ulipitia nini kwanza? Ulipokatwa na kuangaliwa siku kwa siku chini ya hadubini, kabla ya mfupa lilionekana gegedu. Amri ya protini ilikuwa, "Tengeneza gegedu," na gegedu ndilo lililokuja kuleta mfupa.

Sasa nikiri mgongano uliokuwa kichwani mwangu kwa muda mrefu. Kitu cha kwanza nilichofundishwa kuhusu kuunganisha pingili ni kukwangua gegedu. Ukifika kwenye vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili, unakwangua gegedu lote mpaka mfupa utoe damu. Ukiingia kati ya pingili mbili kutoa diski, ule mto uliopo katikati yake, unakwangua lile gegedu linaloikinga mpaka ufike kwenye mfupa. Mwalimu wangu alikuwa akisimama nyuma yangu na kuniambia niendelee, bado, bado, naona weupe. Gegedu likibaki, pingili hazishiki. Hilo ni kweli hadi leo, na mwanafunzi atakayekuja kuniambia kwamba aliacha gegedu kwa sababu alisikia hotuba yangu, nitasikitika sana.

Inakuwaje basi kitu ninachokikwangua ndicho ninachotaka kukipanda?

Gegedu ni la namna zaidi ya moja. La kwenye kiungo, gotini, begani, kwenye vile viungo vya pingili, ni gegedu la kudumu. Limeumbwa libaki laini na lenye kuteleza miaka sabini, themanini. Halina mishipa ya damu na halitaki kuwa nayo. Linatoa vitu vinavyoifukuza mishipa isiingie. Ukiliacha kati ya pingili mbili litafanya kazi liliyozaliwa nayo, yaani kuzuia mifupa isishikane. Lingine ni gegedu la kupita. Lipo kwa muda, kama nyumba ya makuti unayojenga kiwanjani ili ukae wakati unajenga ya tofali.

Kila mmoja humu aliwahi kuwa gegedu la kupita. Mtoto akiwa na miezi miwili tumboni, mfupa wake wa paja, mkono na pingili zake zote vimekwisha kuwa na umbo, na umbo hilo ni la gegedu. Fuvu la juu na sehemu kubwa ya mtulinga hufuata njia nyingine, mfupa hutokea moja kwa moja kwenye utando, ndiyo maana utosi wa mtoto mchanga unadunda chini ya kidole mpaka pale mifupa inapokutana. Lakini mifupa inayobeba uzito karibu yote hutanguliwa na gegedu. Na mtoto anavyorefuka, anarefukia kwenye bamba la gegedu lililoko karibu na ncha za mifupa. Mama anayeona miguu ya mwanawe ikipinda kwa matege anaona, bila kujua, gegedu lililofika mlangoni na kukosa kibali cha kuwa mfupa kwa upungufu wa vitamini D au madini.

Na wenye mgongo, hili ni lenu. Chini ya pingili zile 24 kuna pingili tano nyingine, zile za nyuma ya fupanyonga. Kwa mtoto ziko mbalimbali, na kati yao kuna gegedu. Tangu ujana hadi miaka ya ishirini na kitu, gegedu hilo huwa mfupa na pingili tano zinakuwa moja. Kila mtu mzima aliyeketi hapa ameunganishwa pingili tayari, na hakukatwa nyonga.

Linavyofanya ni hivi. Seli za gegedu hilo hujipanga, kisha zinaanza kuvimba, kila moja inakuwa kubwa mara kadhaa ya ilivyokuwa. Zikivimba zinabadili kazi. Zilikuwa zikitoa kolajeni, protini ya kujengea kuta zake, ya aina ya II, sasa zinatoa ya aina ya X, na kuta zinazozizunguka zinaanza kushika chumvi za kalisi. Halafu zinafanya kitu ambacho gegedu la goti halifanyi kamwe: zinatoa protini inayoita mishipa ya damu. Mishipa inakuja, inatoboa, inaingia. Nyuma yake zinafuata seli za kula gegedu na seli za kujenga mfupa, na mwisho hata uboho unakaa humo.

Tulifundishwa kwamba seli zile zilizovimba hufa zote zikishamaliza wito wao. Mwaka 2014 watafiti wa Hong Kong waliwawekea panya alama ya kijeni kwenye seli hizo, alama ambayo seli hairithishi ila kwa kizazi chake. Baadaye waliikuta ndani ya seli za mfupa. Kumbe baadhi hazifi. Zinageuka. Seli iliyokuwa ya gegedu inakuwa ya mfupa na kuendelea kuishi humo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo kutembea, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kinyume chake kwa miaka.

Rudini kwenye tatizo letu la oksijeni. Mfupa uliokatwa unakufa njaa ndani kwa sababu umezoea kulishwa. Gegedu halijawahi kuwa na mshipa wa damu. Limezoea uhaba. Ukilikata na kulipanda mahali pasipo damu ya kutosha, na sehemu tunayopanda kwenye mgongo ndiyo hali yake, seli zake zinasubiri. Na zile zilizovimba hazisubiri kimya, zinaita damu. Kipandikizi cha mfupa kinangoja mishipa ije yenyewe. Hiki kinaituma habari.

Ushahidi wa kwamba mgongo unataka njia hii uko machoni petu tangu mwaka 1995. Scott Boden na wenzake wa Atlanta waliwaunganisha sungura pingili mbili za kiuno kwa mfupa wa nyonga zao wenyewe, wakaangalia wiki baada ya wiki. Kando, karibu na pingili, mfupa uliota moja kwa moja. Katikati, mbali na pingili na damu yake, kulichelewa, na palipoanza kujengeka palipitia gegedu. Sungura takriban theluthi moja hawakushika, na udhaifu ulikuwa hapohapo katikati. Yaani hata tulipopanda mfupa, mwili mahali pagumu uliacha mpango wetu ukashika wake. Kwa nini basi tusiupe gegedu tangu mwanzo?

Kundi la San Francisco, akiwemo Chelsea Bahney na Ralph Marcucio, walifanya karibu hivyo, ingawa kwenye muundi wa panya, sio mgongoni. Mfupa ukivunjika na usifungwe kwa vyuma vigumu, baada ya siku chache huota uvimbe wa gegedu kuzunguka mvunjiko. Waunga mifupa wetu wa vijijini, kwa vijiti na vitambaa vyao, wameuhisi uvimbe huo kwa vidole vizazi na vizazi, na wanajua kwamba ukiota mfupa utashika. Watafiti walichukua gegedu la uvimbe huo wakalipanda kwenye pengo la mfupa ambalo lisingejiziba lenyewe. Likawa mfupa wenye mishipa ya damu, ulioshikana na mfupa wa jirani bila mpaka. Alama za kijeni zilionyesha kwamba sehemu ya mfupa mpya ilitokana na seli za gegedu lililopandwa. Walipochapisha mwaka 2014 walitaja wazi kuunganisha pingili kati ya kazi wanazozifikiria. Idara yao ya mifupa si ngeni kwetu, imeshirikiana miaka mingi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwenye utafiti wa watu waliovunjika, kwa hiyo mwanafunzi mwenye hamu hatakosa mlango wa kubisha.

Gegedu lenyewe tutalitoa wapi? Hatuwezi kumvunja mtu mguu ili tuvune uvimbe. Kundi la Ivan Martin huko Basel, Uswisi, lilichukua seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kutoka uboho wa watu wazima, likazilea maabara kwa wiki kadhaa mpaka zikawa gegedu lililovimba, kisha likalipanda chini ya ngozi ya panya. Hilo lilikuwa mwaka 2010. Likawa mfupa. Mwaka 2013 wakaonyesha kwamba mfupa huo ulikuwa na uboho unaotengeneza damu. Seli kidogo za uboho huchotwa kwa sindano. Kisu hakiendi nyongani.

Lakini wiki kadhaa za maabara safi, kwa kila mgonjwa na seli zake, ni mzigo ambao hospitali zetu haziwezi kuubeba sasa, na nisingependa kuwadanganya. Ndiyo maana kazi nyingine ya Basel, ya mwaka 2014, ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Walitengeneza gegedu, kisha wakaziua seli zake na kuacha kuta peke yake, zikiwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa humo. Waliloliua kwa kugandisha na kuyeyusha lilipoteza ujumbe. Ambalo seli zake ziliamriwa zijiue taratibu, kwa njia ambayo mwili huitumia kila siku, lilihifadhi ujumbe, na lilipopandwa likaleta mfupa. Gegedu lisilo na uhai linaweza kutengenezwa mahali pamoja, likahifadhiwa, likasafirishwa, likasubiri kabatini. Hicho ndicho kitu ninachoweza kukiona siku moja mikononi mwa daktari wa Mwanza au Kigoma.

Kuna vizingiti, na ninavitaja kwa sababu navihofia kweli. Panya huota mfupa kwa urahisi kuliko sisi. Mengi yaliyofaulu kwake yalifia kwa binadamu. Mgongo una uti wenyewe wa neva umbali wa milimita chache, na mfupa unaoota pasipotakiwa utaubana. Gegedu ni laini siku za mwanzo, kwa hiyo vyuma vitabeba uzito peke yake kwa muda, na lazima tujue ni muda gani. Na kuna hatari kwamba gegedu likatae kugeuka, libaki laini, tukawa tumeunda kiungo kipya mahali tulipotaka mfupa. Kila moja ya haya inapimika kwa wanyama wakubwa, kondoo kwa mfano, kabla mgonjwa hajaguswa. Ninaomba wanafunzi walio humu wawe ndio watakaoyapima.

Sasa maswali.

Dada mmoja muuguzi aliuliza kama supu ya kongoro husaidia, kwa kuwa ni gegedu tupu, na nyumbani kila aliyevunjika hunyweshwa. Nilimjibu kwamba supu ile ina protini na ni chakula kizuri kwa mgonjwa anayehitaji nguvu, mpeni. Lakini gegedu la ng'ombe ni la kudumu, na tumbo likishalipata hulivunja mpaka vipande vidogo kabisa ambavyo mwili hutumia popote upendapo. Halitembei likawa gegedu mgongoni. Nikaongeza, na ninaongeza tena hapa, kwamba ajitokezaye leo kukuuzia sindano ya seli shina ya kuunganisha pingili, kwa pesa zako na bila kukuambia kwamba ni utafiti, mkimbieni. Hakuna gegedu la namna niliyoieleza linalotumika kama tiba ya kawaida ya mgongo.

Kijana wa mwaka wa tatu aliuliza mgonjwa afanye nini wakati huu ili kipandikizi cha kawaida kishike. Sigara iachwe wiki nyingi kabla ya upasuaji na isirudiwe mpaka daraja lionekane kwenye picha, kwa sababu nikotini hubana mishipa ile ile ambayo mfupa unaiita. Sukari idhibitiwe. Na vidonge vya maumivu vya kundi la diklofenaki, ambavyo tunavinunua dukani kama pipi, visitumiwe baada ya upasuaji bila kumwuliza daktari wako, maana vinaweza kuchelewesha mfupa.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyekaa safu ya nyuma, akiwa ameshika kile kidari cha tetea muda wote. Pingili yake ya nne ya kiuno imeteleza juu ya ya tano, na anatakiwa kupasuliwa mwezi huu. Akauliza, "Mwanangu, nisubiri hilo gegedu lako?"

Nilimwambia asisubiri, kwa sababu mguu wake wa kushoto umeanza kulegea na neva hazingoji utafiti. Lakini nilimwambia pia kwamba wakati wa kumfungulia neva zilizobanwa, daktari wake atalazimika kuondoa kipande cha mfupa wa nyuma wa pingili zake, na mfupa huo ukisafishwa na kusagwa vizuri unaweza kupandwa humohumo. Kwa pingili mbili, mara nyingi unatosha. Aende amwulize daktari wake swali hilo moja, nyonga itaguswa au haitaguswa, na kwa nini. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi asije akasahau. Nimemwandikia.